Kubeti kunapoingia ndani ya ndoa: madeni, uongo na njia ya kurudisha imani

Uraibu wa kamari ni ugonjwa unaotambuliwa kitabibu. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuweka katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya mwaka 2013. Shirika la Afya Duniani nalo limefanya hivyo katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake kuu ni tatu: mtu hushindwa kujizuia, kamari hutangulizwa mbele ya kazi na familia, na mchezo huendelea hata madhara yanapoonekana wazi. Kwa wanandoa, ugumu wake wa pekee ni kwamba haunuki. Mlevi hujulikana akiwa bado mlangoni. Anayebeti anaweza kuwa amekaa kochi moja na mkewe, wote wakitazama tamthilia, huku kodi ya nyumba ya miezi mitatu ikiondoka kwenye simu iliyo mkononi mwake.

Kwa sababu hiyo ndoa huumia mara mbili: kwa pesa zilizopotea, na kwa uongo uliozifunika. Deni, hata likiwa kubwa, lina mwisho wake kwenye karatasi. Uongo hauna kipimo hicho. Mwenzi aliyedanganywa huanza kutilia shaka hata yaliyokuwa kweli: ile safari ya kikazi, ule msiba wa Morogoro, ile simu iliyodaiwa kuibwa. Viapo na machozi havitoshi kuondoa shaka ya namna hiyo. Kinachoiondoa kidogo kidogo ni hesabu zilizo wazi, zinazokaguliwa kwa utaratibu na kwa muda mrefu.

Jinsi mazoea yanavyogeuka uraibu

Jambo la kwanza ni urahisi na kasi. Zamani mcheza kamari alilazimika kutoka nyumbani na kuonekana akiingia mahali. Pesa zilipohamia kwenye simu, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, njia ilifunguka kwa mchezo kuja kumfuata mtu kitandani. Dau linaweza kuwa dogo kiasi cha kutotiliwa maanani, na hakuna saa ya kufunga duka. Kasi nayo imebadilika. Mechi ya mpira humfanya mchezaji asubiri dakika 90, lakini michezo kama ule wa kindege kinachopaa na kutoweka humalizika ndani ya sekunde chache, na mtu huweza kucheza mizunguko mingi kabla wali haujaiva. Kadiri muda kati ya dau na matokeo unavyokuwa mfupi, ndivyo uraibu unavyojengeka upesi.

Jambo la pili ni kukosa kwa nafasi ndogo. Mkeka, yaani tiketi ya ubashiri, wa mechi 10 ambao mechi 9 zimetiki na moja ikauchana humwachia mchezaji hisia kwamba alikaribia, na hisia hiyo humsukuma acheze tena karibu sawa na ushindi wenyewe. Hesabu inasema vingine. Hata kila mechi ingekuwa na uwezekano wa asilimia 70 wa kwenda kama ilivyotabiriwa, uwezekano wa zote 10 kutiki kwa pamoja haufiki 3 katika 100. Jambo la tatu ni kufukuzia hasara. Aliyepoteza shilingi 50,000 za Tanzania huweka 100,000 ili arudishe, na hapo lengo huwa limeshahama kutoka kutafuta faida hadi kuziba pengo kabla mwenzi hajajua. Uongo mwingi katika ndoa hizi huanzia hapa, kwa mtu anayejiambia kwamba atarudisha kila kitu ifikapo Jumamosi na hakuna atakayeumia.

Dalili zinazoonekana nyumbani

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Kinachoangaliwa ni mkusanyiko wake. Simu hubadilishwa namba ya siri na kulazwa kifudifudi. Laini ya pili hutokea bila maelezo. Mshahara huanza "kuchelewa". Vitu vya ndani hupelekwa kwa "fundi" na havirudi. Hasira na furaha hufuata matokeo ya mechi za ligi ambazo mtu hakuwa akizishabikia. Mikopo midogo huombwa kwa mashemeji na majirani kwa sababu zinazotofautiana, na wakopeshaji hao huombwa wasimwambie mke au mume.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni taarifa ya miamala ya simu. Taarifa ya mtu aliyezama huwa na umbo linalojirudia. Mshahara wa 620,000 unaingia tarehe 25 saa 10 jioni. Saa 12:40 jioni inatoka 10,000 kwenda kampuni ya kubeti. Saa 2:15 usiku 20,000. Saa 2:31 nyingine 20,000. Saa 5:08 usiku 50,000. Saa 5:20, laki moja. Madau yanaendelea, na kufikia saa 8 usiku limebaki salio la 3,400, na mstari unaofuata ni mkopo wa papo kwa papo kutoka kwenye laini yenyewe. Asubuhi nyumbani inasemwa kwamba mwajiri bado hajalipa.

Siku mambo yanapobainika

Mara nyingi siri hufichuliwa na mtu wa nje: mwenye nyumba anagonga mlango, mweka hazina wa kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) anapiga simu, au ujumbe wa mkopo wa mtandaoni unatumwa kwa watu wote waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Siku hiyo si ya kuamua hatima ya ndoa. Ina kazi tatu tu.

Ya kwanza ni kulinda uhai. Mtu ambaye siri yake ya kamari imefichuka ghafla, mwenye madeni asiyoona namna ya kuyalipa, yuko katika hatari kubwa kuliko kawaida ya kujiua. Inafaa aulizwe waziwazi kama ana mawazo ya kutaka kufa. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Dawa za kuulia wadudu na panya ziondolewe ndani, asiachwe peke yake, na akikiri kuwa na mawazo hayo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kazi ya pili ni kulinda mwili wa yule mwingine. Ugomvi wa pesa hugeuka kipigo kwa urahisi, na pale palipo na vitisho mwenzi na watoto wahamie kwa ndugu kabla ya mazungumzo yoyote. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Kazi ya tatu ni kuzuia uvujaji. Hati ya kiwanja, kadi ya gari au ya pikipiki, kadi za benki na daftari la kikoba viwekwe mahali ambapo mchezaji hawezi kuvichukua peke yake. Nchini Tanzania kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mke au mume kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni lake peke yake, na mwenzi huyo anaweza kuweka zuio kwa msajili. Kenya ina kinga inayofanana nayo katika Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013.

Orodha ya madeni

Baada ya siku chache, vichwa vikishapoa, madeni yote huandikwa kwenye daftari moja. Safu tano zinatosha: anayedai, kiasi, riba, tarehe ya kulipa, na dhamana iliyowekwa. Katika orodha ya kawaida mtu atakuta mkopo wa riba kali uitwao kausha damu, wa 300,000, unaolipwa kila wiki, mikopo mitatu ya simu, laki nne za kikoba cha mke, deni la shemeji, deni la dukani, na simu iliyowekwa rehani kwa fundi.

Hatari kubwa hapa ni kukiri kipande kipande. Mchezaji husema milioni moja. Baada ya wiki inakuwa milioni moja na nusu. Baada ya mwezi anajitokeza mdai mwingine. Kila kipande kipya humrudisha mwenzi mwanzo, na mara nyingi huuma kuliko jumla yote ingetajwa siku ya kwanza. Kwa hiyo mchezaji apewe siku mbili tatu za kukumbuka, akae na taarifa za miamala za miezi 12 za laini zote, kisha aandike kila kitu. Kwa Tanzania, kupiga *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha Taifa, na hilo husaidia kubaini laini iliyofichwa.

Malipo hupangwa kwa ngazi. Kwanza chakula, kodi na ada. Pili, deni lenye riba kali au linalotishia kuchukua nyumba, cherehani, bodaboda au chombo kingine kinacholeta riziki. Tatu, mikopo mingine yenye leseni. Ndugu na marafiki huja mwisho, lakini waambiwe mapema watalipwa lini na kwa kiasi gani. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mdaiwa anayedhalilishwa kwa watu wake na mkopeshaji wa aina hiyo ana mahali pa kulalamika. Kukopa ili kulipa mkopo kuepukwe kabisa.

Swali gumu zaidi ni kama mwenzi auze dhahabu yake au kiwanja chake alipe deni lote mara moja. Jibu kwa kawaida ni hapana. Deni linalofutwa kwa siku moja na mtu mwingine humwondolea mchezaji uzito wa alichokifanya, na humfungulia upya mlango wa kukopa. Msaada wa ndugu, ukitolewa, ulipwe moja kwa moja kwa mdai wala usipitie mkononi mwa mchezaji, na uwe wa deni moja lililotajwa. Mwenzi pia asiweke saini ya udhamini kwenye mkopo mpya, hata kwa kubembelezwa na wakwe.

Pesa za nyumba zikae wapi

Katika miezi ya mwanzo mchezaji hatakiwi kushika pesa nyingi. Mshahara unaweza kuingia kwenye akaunti yenye saini mbili, au mchezaji akaomba kwa mwajiri sehemu kubwa ipelekwe kwenye akaunti ya mwenzi. Nauli na chakula cha mchana hutolewa taslimu kwa siku au kwa wiki. Huduma za kukopa kwenye laini ya simu zifungwe pale inapowezekana, programu za kubeti zifutwe, na mchezaji mwenyewe aombe kampuni alizojisajili nazo zimfungie akaunti. Kampuni nyingi zenye leseni zina utaratibu huo. Kwa mfanyabiashara anayepokea pesa kila saa, kama mwenye kibanda cha chipsi au dereva wa bajaji, mauzo yafungwe kila jioni mbele ya mtu wa pili, kwa sababu uwazi wa mara moja kwa mwezi hautoshi.

Mpango huu usigeuke adhabu. Uwe na muda unaotajwa, kwa mfano miezi sita, kisha uangaliwe upya. Mtu mzima anayeomba 2,000 ya nauli kila asubuhi huona aibu, na aibu isiyo na mwisho humrudisha kwenye mchezo.

Tiba

Kliniki ya afya ya akili ndiyo mahali pa kuanzia. Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe jijini Dodoma na Mathari jijini Nairobi ni hospitali zinazojulikana kwa huduma hizo, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo chake. Hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa uraibu wa kamari. Tiba yenye ushahidi zaidi ni ya mazungumzo inayochambua fikra na mazoea: mgonjwa hujifunza saa na mazingira yanayomvuta, imani potofu kama ile ya kwamba zamu yake ya kushinda imekaribia, na la kufanya katika dakika 20 ambazo hamu huwa kali. Sonona, wasiwasi na pombe huambatana na kamari mara nyingi, na hayo yana tiba zake. Vikundi vya kusaidiana vya Gamblers Anonymous, vilivyoanzia Los Angeles mwaka 1957, vina desturi ya wanachama wazoefu kukaa na mgeni na mwenzi wake kupanga madeni. Pale ambapo kikundi hakipo, mtu mmoja aliyeacha kubeti na anayepokea simu usiku husaidia sana.

Mwenzi naye anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Kukosa usingizi, kuhesabu pesa mara kwa mara, kushtuka kila simu inapolia na kujilaumu kwa kutokujua mapema ni mambo ya kawaida kwa aliyedanganywa kwa muda mrefu. Hakuusababisha uraibu wa mwenzake, na hawezi kuuponya kwa ukali wala kwa upole.

Kujenga upya imani

Msamaha na imani ni mambo mawili. Mtu anaweza kusamehe kwa siku moja kwa ajili ya Mungu au watoto, na bado akawa na haki ya kuona hesabu mwaka mzima. Mchezaji anayesema "si ulishanisamehe, mbona bado unanikagua?" anachanganya mambo hayo.

Ukaguzi wenye manufaa una siku na saa. Kila Jumamosi jioni, kwa nusu saa, wanandoa hukaa na daftari la madeni na taarifa za miamala za wiki. Kilicholipwa hukatwa, kilichobaki hujumlishwa, na kila mmoja hutaja matumizi ya wiki inayofuata. Nusu saa ikiisha, mada hufungwa hadi Jumamosi nyingine. Faida ya mpangilio huu ni kwa wote wawili. Mchezaji hapekuliwi mifukoni usiku wa manane, na mwenzi huacha kuwa mpelelezi, kazi inayomchosha na isiyomtuliza hata asipokuta kitu.

Imani hurudishwa kwa ngazi, kutoka jambo dogo hadi kubwa: kwanza kutumwa sokoni na kurudi na chenji kamili, baadaye kulipa umeme, baada ya miezi kadhaa kupeleka ada ya shule na kuleta risiti. Uongo mdogo katika kipindi hiki huharibu kuliko mtu anavyodhani. Aliyeteleza akaweka dau la 5,000 na kusema usiku uleule hajabomoa alichojenga; aliyeficha 5,000 kwa wiki mbili amerudi mwanzo. Kwa upande wa mwenzi, ukweli unaosemwa mapema usipokewe kwa matusi yaleyale yanayostahili uongo, maana mchezaji atajifunza kwamba kusema hakuna faida.

Ndugu, dini na watoto

Kikao cha ukoo kina nguvu na kina hatari. Ndugu 20 sebuleni humpatia mchezaji fedheha bila mpango. Wawili watatu wanaoheshimiwa na pande zote, kama mshenga, shangazi au mjomba, wanatosha, na kazi yao itajwe: kushuhudia makubaliano, kuwaambia ndugu wengine wasikopeshe, na kupokea taarifa mchezaji akianguka. Viongozi wa dini husaidia pia. Uislamu umeharamisha kamari kwa uwazi katika Surat al-Maida, na makanisa mengi huikemea, lakini kushika msahafu au Biblia na kuapa hakuchukui nafasi ya kliniki. Aliyeapa akaanguka huongeza dhambi kwenye aibu, na huficha zaidi.

Watoto hujua kuna jambo hata wasipoambiwa. Wadogo huambiwa kwamba pesa zimepungua na wazazi wanashughulikia. Wa sekondari wanaweza kuambiwa ukweli bila kutajiwa viwango. Wasitumwe kupekua simu, wasitumwe kuwadanganya wadai mlangoni, na wasiombwe kuchagua upande.

Akirudia, na pale ndoa inaposhindikana

Kurudia mchezo ni jambo la kawaida katika uraibu wowote, hivyo la kufanya hupangwa kabla. Makubaliano yaandikwe: akirudia atamwambia nani, ndani ya saa ngapi, na ni mamlaka gani ya pesa atayarudisha kwa mwenzi. Siku za hatari zijulikane mapema: mwisho wa mwezi, malipo ya mavuno, fainali kubwa, na kipindi cha kukosa kazi.

Mwenzi pia aamue mapema mipaka yake, na asitamke asichoweza kutekeleza. Kukataa tiba kwa miezi, kuiba mali za nyumba, kughushi saini, kutelekeza watoto bila chakula na kupiga ni sababu tosha za kutengana. Kenya, kwa Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2015, inahesabu pia unyanyasaji wa kiuchumi kuwa ukatili, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi.

Nchini Tanzania shauri la talaka kwa kawaida hutanguliwa na baraza la usuluhishi la ndoa, ambalo likishindwa kuwapatanisha wanandoa hutoa cheti cha kupeleka mahakamani. Mahakama inapogawa mali chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa huangalia mchango wa kila mmoja, pamoja na madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote wawili. Mkopo ulioishia kwenye mikeka ya mtu mmoja ni vigumu kuingizwa humo, ilmradi kuna ushahidi wa pesa zilikokwenda, na ndiyo sababu daftari la madeni na taarifa za miamala hutunzwa hata baada ya deni kulipwa. Wajibu wa kutunza watoto unabaki pale pale baada ya talaka. Kwa mzazi mwenye uraibu, ni salama zaidi matunzo hayo yakatwe moja kwa moja kwenye mshahara au yalipwe shuleni na dukani, badala ya kusubiri ayatume mwenyewe kwa simu.